Jalada Hili ni la Nani?

Mwanafunzi wa famasia aliyezaliwa Kasongo au Kabambare husomea mbali: Lubumbashi, Kinshasa, Bukavu. Likizo kubwa ikifika, na nauli ikipatikana, hurudi kusini mwa jimbo la Maniema, Kongo, kufanya staji katika hospitali kuu ya zoni ya afya au kwenye depo ya dawa. Wengine siku hizi hurudi na mzigo mmoja zaidi, jalada la kazi, wanaloliita potifolio. Humo hukusanya kazi walizozifanya kwa mikono yao, ushahidi wake, na saini ya aliyewasimamia. Wenyeji hulitazama kwa jicho la pembeni. Mwenye umeme wa kubahatisha na njia za matope, jalada la nini?

Nimeziketisha sauti tatu zijadiliane. Hazina majina kwa sababu si watu fulani, ni aina za watu ambao mtu wa Kasongo atawatambua bila kuelekezwa: binti anayesomea famasia Lubumbashi, mzee ambaye ametunza depo ya dawa tangu kichwa kikiwa cheusi, na mama mwenye duka la dawa Kabambare. Mimi nitaingilia pale uvumilivu utakaponiishia.

MWANAFUNZI: Papa, nianze na njaa yangu kabla ya heshima yangu. Diploma yangu itasema nimefaulu. Wenzangu wote watakuwa na karatasi hiyohiyo. Shirika likitafuta mtu wa kusimamia famasia Kindu au Kalemie, litapokea rundo la diploma zinazofanana kama mayai, kisha atachukuliwa yule mwenye mjomba ofisini. Mimi sina mjomba. Angalia Tanzania: mhitimu wa shahada ya famasia hufanya kazi mwaka mzima chini ya usimamizi ndipo Baraza la Famasi limsajili. Kenya nako ni mwaka. Wanatoka na rekodi ya kazi. Sisi tunatoka na cheti cha staji chenye mhuri na maneno matatu: bidii, nidhamu, adabu.

PAPA WA DEPO: Adabu umeipata, nashukuru. Lakini mwanangu, vitabu vya kusainiwa tunavijua. Wanastaji wanakuja navyo siku ya mwisho, kurasa zote tupu, kalamu mkononi: “Papa, nisaidie, gari linaondoka.” Unamsaidia. Jioni moja inazaa miezi mitatu ya kazi. Saini ni rahisi kuliko unavyofikiri.

MWANAFUNZI: Ndiyo maana sitaki saini peke yake.

PAPA WA DEPO: Subiri, sijafika kwenye neno langu. Kazi ya dawa haina mwenyewe. Anayeagiza ni mmoja, anayebeba ni mwingine, anayegawa ni mwingine, na mgonjwa akipona anamshukuru Mungu. Unajua Kasongo ilijulikana duniani kwa nini? Mwaka 1971 ulianza hapa mradi wa afya pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp. Vituo vya afya karibu na watu, fishi ya mgonjwa inayobaki kituoni, hospitali ya kupokea waliotumwa na vituo. Mwaka 1981 wakatoa kitabu cha mafunzo ya mradi, na mwaka huohuo makala yao juu ya chanjo ya surua ikatoka katika The Lancet. Chini yake walisaini akina nani? Timu ya Mradi wa Kasongo. Basi. Leo ninyi mnataka picha yenu ukurasa wa kwanza.

Hapa naingilia, maana Papa ametaja jambo lenye uzito kuliko alivyolitumia. Makala ile ya surua haikuwa ya kujisifu. Iliuliza swali baya: je, mtoto aliyeokolewa na surua haendi kufa miezi michache baadaye kwa ugonjwa mwingine, hasa akiwa dhaifu tangu mwanzo? Waandishi walitia shaka faida ya chanjo katika kupunguza vifo. Tafiti za miaka iliyofuata, hasa zile za Guinea-Bissau, zilikwenda kinyume nao kabisa. Lakini walipingwa kwa hoja kwa sababu namba zao zilikuwa mezani, umri kwa umri. Hilo ndilo ninalolitaka katika jalada la mwanafunzi kuliko mapambo yoyote: mtu mwingine aweze kulikamata na kusema hapa umekosea. Na mradi wenyewe ulizaa makubwa. Kasongo ilikuwa miongoni mwa mifano iliyotumika nchi ilipogawanywa katika zoni za afya miaka ya 1980. Leo zoni hizo ni 519.

MWANAFUNZI: Papa, mfano wako naupokea na ninaugeuza. Timu ya Mradi wa Kasongo. Sawa. Nani alipita nyumba kwa nyumba akiandika watoto waliozaliwa na waliokufa? Nani aliyepanga fishi? Ni watu wa hapa. Wim Van Lerberghe alifanya kazi katika mradi ule, na baadaye akaongoza uandishi wa Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2008, ile ya WHO juu ya huduma za msingi. Jina la timu halikumziba yeye, kwa sababu alikuwa na njia nyingine za kujulikana. Limewaziba waliobaki. Mtoto wa karani wa fishi hana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha kwamba baba yake alikuwemo.

PAPA WA DEPO: Hapo umenichoma. Haya, fungua hilo jalada tuone kilichomo.

Nilitegemea afungue penye vyeti. Mengi ya majalada ninayoyafikiria huanzia hapo: cheti cha semina, picha yenye koti jeupe, kisha kurasa saba za “nyota saba” za mfamasia, mpango uliotoka WHO mwaka 1997 unaotaka mfamasia awe mtoa huduma, mwamuzi, mwasilianaji, kiongozi, msimamizi, mwalimu na mwanafunzi wa maisha. Mpango si mbaya. Ubaya ni kumwona kijana akitafuta tukio la kuchomeka kwenye “kiongozi” kama anayetafuta jiwe la kufungia mlango. Binti huyu, kwa bahati njema, ameanzia kwenye amoksisilini.

MWANAFUNZI: Ukurasa huu ni wa kidonge cha watoto cha miligramu 250, kile kinachoyeyushwa kwenye maji. Tuseme kituo kimetumia vidonge 2,400 kwa miezi sita. Ukigawa kwa sita unapata 400 kwa mwezi, na oda ya miezi mitatu ni 1,200. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Ila nilipoisoma fishi ya stoki mstari kwa mstari, niliona kwamba miezi miwili kati ya hiyo sita rafu ilikuwa tupu. Vidonge 2,400 viliisha kwa miezi minne. Matumizi ya kweli ni 600 kwa mwezi, oda ni 1,800. Aliyegawa kwa sita ameagiza upungufu kwa mkono wake mwenyewe: vidonge 600, mwezi mzima bila dawa. Mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia hupewa viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tano, jumla 20. Vidonge 600 ni watoto 30.

PAPA WA DEPO: Hesabu ni sahihi. Umeuliza kwa nini safu ya siku zisizo na dawa haikujazwa?

MWANAFUNZI: Niliandika “uzembe”.

PAPA WA DEPO: Futa. Anayejaza safu ile ndiye anayeulizwa kwa nini aliacha dawa ziishe. Asiyejaza haulizwi. Ungefanya nini wewe? Halafu kuna la pili. Unaomba 1,800, depo ya juu inakupa 900 kwa sababu nayo haina. Wajanja wakishaona hivyo, wanaomba 3,600 wapate 1,800. Depo nayo inajua kwamba wanaongeza, inakata zaidi. Mwishowe hakuna namba ya oda unayoweza kuiamini katika zoni nzima. Ukurasa wako una kilichotumika na kilichotakiwa. Weka na kilichoombwa na kilichofika, tarehe kwa tarehe. Hapo utakuwa umeandika kitu.

MWANAFUNZI: Nitaongeza safu mbili.

PAPA WA DEPO: Na nakala utaniachia. Ukiondoka nayo kwenda Lubumbashi, mwezi wa tatu atakuja mwingine agawe kwa sita.

Wakati huo mama wa Kabambare amekaa kimya kama mtu anayengoja bei ishuke. Kabambare iko mashariki ya Kasongo. Kaskazini yake na ndani ya mipaka yake kuna migodi, kuna Salamabila na dhahabu ya Namoya, na kuna watu wengi wanaonunua dawa bila kumwona mganga. Dawa nyingi za madukani haziletwi na zoni. Hufika katoni kwa katoni, kwa lori na kwa pikipiki, zikipita mito kama Luama, na mwenye duka hupokea anacholetewa.

MAMA WA KABAMBARE: Hesabu za vituo nzuri. Lakini wagonjwa wa kwanza ni wangu, si wenu. Mtu akiumwa usiku haji na ordonansi ya daktari, anakuja na franka. Mwanangu, katika jalada lako hilo, kuna ukurasa wa dawa uliyokataa kuuza?

MWANAFUNZI: Kuna wa dawa niliyokataa kutoa, Mama. Alikuja mzee anayetumia warfarini...

MAMA WA KABAMBARE: Warfarini Kabambare nani anaitumia? Nenda kwenye yetu. Nipe kopo la vidonge elfu moja visivyo na pakiti, lebo imechanika nusu. Utafanyaje?

Hili si swali la kubuni katika nchi hii. Kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015, kaskazini-mashariki mwa Kongo, watu walianza kufika hospitalini shingo zimepinda, nyuso zimekakamaa, ulimi nje. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Walikuwa zaidi ya 1,000 kabla mambo hayajatulia, na wengine walikufa. Chanzo kilikuwa vidonge vilivyouzwa kama diazepamu, na ndani yake kulikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili ambayo kipimo kikubwa hukaza misuli namna hiyo. Maabara ilitoa jawabu la mwisho, lakini maabara haitumiwi kidonge ambacho hakuna aliyekitilia shaka. Lazima awepo mtu wa kwanza wa kuuliza: ulimeza nini, ulinunua wapi, kopo liko wapi?

MWANAFUNZI: Ningeandika jina lililo kwenye lebo, kiwanda, namba ya loti, tarehe ya kuisha muda, aliyekuuzia, na siku. Ningekitazama kidonge: rangi, alama, kama kinavunjika kwa urahisi. Ningeliweka kopo pembeni mpaka nijue.

MAMA WA KABAMBARE: Na pesa yangu je? Umeliweka pembeni, nimeshalilipa.

MWANAFUNZI: Sina jibu la pesa, Mama.

MAMA WA KABAMBARE: Basi andika hivyo humo. “Nilimwambia mwenye duka asiuze, sikuwa na jibu la hasara yake.” Mwajiri akisoma hivyo atajua umefika dukani kweli.

Napenda jibu hilo la mama kuliko kitabu chochote cha mwongozo. Majalada ya wanafunzi yana ugonjwa wa kushinda kila mahali: kila tatizo limepata suluhisho, kila mgonjwa ameelewa ushauri. Mtu aliyekaa nyuma ya kaunta hata siku chache anajua sivyo.

MAMA WA KABAMBARE: Na mimi nina shauri lingine. Nimefungua ukurasa huu mwingine nikaona: “Mgonjwa mwanaume, miaka 34, mwalimu wa fizikia, Kabambare, anatumia ARV, alipewa dawa ya kifua kikuu.” Jina hujaliandika.

MWANAFUNZI: Nimelificha, ndiyo kanuni.

MAMA WA KABAMBARE: Kabambare ina walimu wangapi wa fizikia?

(Papa anacheka. Binti hacheki.)

PAPA WA DEPO: Huyo umemtangaza redioni. Kifungu cha 73 cha kanuni ya adhabu kinamhusu kila anayekabidhiwa siri kwa ajili ya kazi yake. Hakisemi “isipokuwa wanastaji”.

MWANAFUNZI: Nikitoa umri, kazi na mahali, kinabaki nini? Nataka ionekane kwamba nilijua rifampisini inapunguza nguvu ya baadhi ya ARV, nikamuuliza daktari kabla ya kutoa.

PAPA WA DEPO: Hicho ndicho kinachobaki. Dawa mbili, swali lako, jibu la daktari, kilichobadilishwa. Ualimu wake haukuhusika na rifampisini.

Nakubaliana nao, na naongeza jambo dogo ambalo wanafunzi hulisahau: simu. Picha ya ordonansi iliyopigwa “kwa ajili ya jalada” inakaa kwenye simu hiyohiyo inayoazimwa na mdogo wake kutazama mpira. Kwenye miji mikubwa kufuta jina pengine kunatosha. Kasongo na Kabambare mtu hujulikana kwa kazi yake, kwa ukoo wake, kwa goti lake bovu. Kipimo cha hapa kiwe kigumu zaidi: ukurasa usomwe na mtu wa mtaa uleule, akikisia ni nani, urudiwe. Kuhusu karatasi au simu, nisipoteze muda. Daftari gumu la kuandikwa kwa mkono, likifungwa kwenye mfuko wa plastiki, linavuka mto. Nakala ya flashi ikae kwa mtu wa pili.

Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao binti alikuwa akiupita haraka. Papa akaweka kidole.

PAPA WA DEPO: Na huu?

MWANAFUNZI: Ni wa oksitosini.

Mwenye kujua hospitali anaelewa kwa nini sauti ilishuka. Oksitosini huchomwa mama akishajifungua ili asitokwe damu mpaka kufa. Hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu polepole, lakini ampuli haibadiliki: maji yaleyale meupe, lebo ileile. Mkunga anachoma, damu haikatiki, anachoma tena, na hakuna anayeishuku dawa.

MWANAFUNZI: Mahali fulani nilipofanya kazi kuna daftari la joto la friji. Linajazwa asubuhi na jioni. Mwezi mzima limeandikwa 5, 5, 5, 5, kalamu ileile, mwandiko uleule, hata siku ambazo sote tulijua hakuna moto. Niliweka kipimajoto changu. Saa nane mchana kilisoma 17. Nikaandika vipimo vyangu wiki mbili, nikapiga picha ya daftari, nikaviweka pamoja.

PAPA WA DEPO: Ondoa picha ya daftari. Acha vipimo vyako.

MWANAFUNZI: Vipimo vyangu bila daftari vinasema friji ni mbovu. Vikiwa na daftari vinasema kwa nini hakuna aliyejua.

PAPA WA DEPO: Na vinasema ni mwandiko wa nani. Aliyeandika zile tano ni muuguzi ambaye hajaona posho yake miezi mingapi. Utaingia naye kwenye mahojiano ya kazi Kindu, yeye akiwa ngazi yako ya kupandia?

MAMA WA KABAMBARE: Papa, na mwanamke aliyetokwa damu alikuwa ngazi ya nani?

PAPA WA DEPO: Sijasema afiche. Nasema apeleke kwanza panapostahili. Ukurasa huu uende kwa daktari mkuu wa zoni kabla haujaenda kwa mwajiri. Yeye ana uwezo wa kuhamisha dawa leo. Mwajiri atasema tu “binti hodari”.

MWANAFUNZI: Nisiposikilizwa?

PAPA WA DEPO: Andika siku uliyompelekea na alichojibu. Asipojibu, andika hakujibu. Hilo nalo ni kazi ya mfamasia.

MWANAFUNZI: Mwandiko nitaufunika. Tarehe na zile tano zitabaki.

PAPA WA DEPO: Zibaki.

MWANAFUNZI: Basi utanisainia?

PAPA WA DEPO: Wa amoksisilini nasaini sasa hivi, ukishaongeza zile safu mbili. Wa friji sikuwepo, sikuona kipimajoto. Sisaini nisichokiona.

MWANAFUNZI: Niandike kwamba umekataa?

PAPA WA DEPO: Andika. Na uandike pia betri ya sola ya friji hiyo ilikufa lini, maana kabla ya zile tano kulikuwa na mtu aliyeomba betri.

MWANAFUNZI: Ilikufa lini?

PAPA WA DEPO: Barua ya kuomba iko kwenye bunda la oda za mwaka jana. Lete kiti, rafu ile ya juu siifikii tena.